Dawa za Usingizi Kwetu Uvira: Jani Bila Swali

Tukizungumza mila za uponyaji, tunasifu sana majani na kusahau desturi iliyokuwa inakwenda pamoja nayo. Mfano ni dawa za usingizi. Hapa Uvira, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, mtu akilalamika kwamba halali, atapewa mashauri matatu ao manne kabla hajamaliza kusema: kunywa mchaichai, ule wengi wanaita sitroneli, kunywa maziwa ya moto na asali, osha miguu na maji ya vuguvugu, usile ugali mwingi usiku.

Hatuzicheki dawa hizi. Maji ya vuguvugu yanasaidia mwili kutoa joto, na mwili unaopoa ndio unasinzia. Mchaichai nao hauna kafeini: anayeuweka mahali pa kahawa ya usiku amepata faida, hata kama jani lenyewe lingekuwa bila nguvu yoyote.

Lakini tunakosoa namna tunavyozigawa. Bibi zetu hawakuanza na jani, walianza na swali: "Mwanangu, juu ya nini haulale?" Swali hilo ndilo lilikuwa dawa ya kwanza. Mvuvi wa ndakala anatoka na taa zake usiku wa giza, analala mchana katikati ya joto na kelele. Mbalamwezi ikiwa kubwa, uvuvi unasimama, na mwili wake unahitaji siku kadhaa kuzoea tena. Mwenye kusumbuliwa na mbu anahitaji chandarua. Na mama aliyepoteza nyumba mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, ambaye akisikia mvua tu anashtuka, huyo naye tumpe mchaichai, eti alale?

Mahali swali linakosekana, vitu vibaya vinaingia. Kanyanga inalaza upesi, kisha inakatakata usingizi kabla ya alfajiri. Vidonge vya Valium vinavyonunuliwa bila karatasi ya munganga, mwili unavizoea kwa majuma machache tu, na kuviacha ghafla ni hatari. Tena wako wanaosema mara moja: "Amelogwa." Hilo ni jibu bila swali, na mara nyingi mzigo wake unamwangukia mzee wa jirani asiye na kosa.

Wengine watasema sayansi imeshinda mila. Sisi tunaona zinakutana. Mwaka 2016 chama kimoja kikubwa cha madaktari wa Marekani kilishauri kwamba mtu mzima aliyekosa usingizi kwa muda mrefu aanze na matibabu ya mazungumzo na kubadili mazoea, ndipo vidonge vifikiriwe. Mazoea yenyewe ni haya: amka saa ileile kila siku, usingizi ukikataa, usigaegae kitandani, toka, kaa mahali patulivu mpaka urudi. Wazee waliotoka kukaa kando ya makaa hawakuwa mbali na shauri hilo, na mara nyingi walimkuta mwenzao macho, wakazungumza.

Basi, tunaomba wanaoandika na kufundisha mila zetu wasiorodheshe majani peke yake, waandike na swali. Na yule aliyemaliza mwezi bila kulala vizuri, ao anayerudiwa na ndoto za vita, tusimtume kwa munganga peke yake. Tumsindikize. Kusindikizana nako ni mila yetu.