Neno la Shahidi: Uhakiki wa Mjadala wa Visahani vya Angani

Mjadala juu ya vitu vya ajabu vionekanavyo angani umedumu zaidi ya miaka sabini na mitano, na maandishi yaliyozaliwa nao, ya wenye kuamini na ya wenye kukanusha, yangetosha kujaza chumba kizima cha maktaba. Aghalabu maandishi hayo husomwa kwa swali moja tu: Je, ni kweli au si kweli kwamba viumbe wa ulimwengu mwingine huitembelea dunia hii? Swali hilo ni halali, walakini limefunika jingine lililo karibu zaidi na kazi ya mhakiki. Maadam hapana chombo cha namna hiyo kilichopata kuwekwa hadharani kikapimwa na kila mtaalamu atakaye, kinachojadiliwa hasa si chombo bali ni habari. Mtu aliona jambo, akalisimulia. Wa pili akalipokea, akaliandika. Wa tatu akalifasiri. Pande zote mbili ni wasomaji wa masimulizi yale yale, na hoja zao haziwezi kuwa bora kuliko usomaji wao. Usomaji huo, kwa pande zote mbili, ni dhaifu.

Habari ya kwanza yatosha kuonyesha udhaifu huo. Tarehe 24 Juni 1947, Kenneth Arnold, mfanyabiashara na rubani wa Marekani, alikuwa akirusha ndege yake ndogo karibu na Mlima Rainier, katika jimbo la Washington, huku akitazama kama ataona mabaki ya ndege ya jeshi iliyopotea. Aliona vitu tisa ving'aavyo vikienda kwa safu. Kwa saa yake alipima muda vilivyotumia kutoka Rainier hata Mlima Adams, akapata hesabu ya mwendo usiopungua maili 1,200 kwa saa, mwendo ambao hapana ndege ya siku zile iliyoufikia. Alipofika Pendleton, katika jimbo la Oregon, aliwaeleza waandishi wa habari kwamba vitu vile vilikwenda kwa kuchupachupa, mithili ya kisahani kilichotupwa juu ya maji. Kila mtoto aliyekulia kando ya bahari au ziwa aujua mchezo huo, ajapokuwa yeye hutumia kigae au jiwe bapa. Tashbihi ya Arnold ilikuwa ya mwendo. Magazeti yaliichukua yakaigeuza kuwa ya umbo, na kabla ya siku nyingi kupita ulimwengu mzima ulikuwa ukizungumza juu ya visahani virukavyo.

Ni haki kusema kwamba Arnold hakuwa mchache wa mifano. Siku mbili baadaye, katika mahojiano ya redio, alilinganisha umbo la vitu vile na sahani ya kuokea iliyokatwa nusu, yenye pembe nyuma. Na mchoro aliowapelekea wakuu wa jeshi waonyesha kitu kilichoviringana mbele na kuchongoka nyuma, chenye kushabihi kisigino cha kiatu kuliko kisahani cha kikombe. Alikuwa mtu anayetafuta neno kwa jambo asilolijua, akijaribu hili na lile, kama afanyavyo kila msimulizi mwaminifu. Waandishi wa habari walichagua moja katika maneno yake kwa sababu lilikuwa jepesi kukumbukwa. Baada ya hapo watu mamia walitokea wakasema nao wameona visahani.

Wakanushaji wameshika jambo hili kwa nguvu, na hapana shaka ndiyo hoja yao bora. Wanauliza: kwa nini wageni kutoka nyota za mbali wabadili umbo la vyombo vyao ili wapatane na kosa la gazeti? Hoja hiyo yauma. Walakini haiendi mbali kama wanavyoipeleka. Inathibitisha kwamba neno likiisha kuenea huwatangulia mashahidi na kuwangoja. Haithibitishi kwamba Arnold hakuona kitu. Mtu wa mwezi Julai 1947 aliyesema "kisahani" yamkini alikuwa ameona puto, au ndege, au wingu, au jambo asiloweza kulieleza, akalivika vazi lililokuwa tayari. Hata mwanachuoni mkubwa Carl Gustav Jung, aliyeandika kitabu juu ya mambo haya mwaka 1958, alijenga sehemu kubwa ya ufasiri wake juu ya duara, alama ya ukamilifu wa nafsi. Angeanza na kisigino cha kiatu, kitabu kingekuwa kingine.

Katika upande wa wenye kuamini, msomaji akimchukua Donald Keyhoe, afisa mstaafu wa jeshi la Marekani aliyechapisha kitabu chake mashuhuri mwaka 1950, ataona namna moja ya kufikiri inayorudiwa karibu kila sura: wakuu wakinena, wanaficha, wakinyamaza, wamekiri. Kwa kanuni hiyo hapana jambo lisiloweza kuthibitishwa. Keyhoe ni msimulizi hodari, naye humfanya msomaji afungue ukurasa unaofuata, lakini ushahidi kwake ni kama kuni: thamani yake ni moto utakaowashwa.

Ingetarajiwa kwamba mpinzani wake, Donald Menzel, mtaalamu wa nyota wa Chuo Kikuu cha Harvard, angesoma kwa uangalifu zaidi. Haikuwa hivyo siku zote. Katika kitabu chake cha mwaka 1953 alisema yamkini Arnold aliona theluji iliyopeperushwa vileleni mwa milima. Katika vitabu vilivyofuata aliyaacha maelezo hayo akaleta mengine, na mwishoni akafika kwenye matone ya maji juu ya kioo cha dirisha la ndege, ilhali Arnold alikuwa amekwisha kueleza kwamba alilifungua dirisha ili aone vizuri. Maelezo yanayobadilika huku masimulizi yakibaki yale yale hayatoki katika masimulizi. Yatoka katika nia ya mfasiri kutobaki bila jibu. Kiswahili hutenga vizuri shaka na kanusho: mwenye shaka huacha swali wazi, mkanushaji hulifunga. Katika mjadala huu wanaojiita wenye shaka ni wengi, na wenye shaka kweli ni wachache.

Kosa hili huwa zito zaidi pale shahidi anapokuwa mtu asiyesikilizwa kwa kawaida. Tarehe 26 Juni 1959, katika misheni ya Boianai, Papua, nchi iliyokuwa chini ya utawala wa Australia, kasisi wa Kianglikana William Gill pamoja na watu wengine zaidi ya 30 waliona angani kitu chenye mwanga, na juu yake maumbo kama ya watu. Jioni ya pili walipunga mikono, nayo maumbo yale, kwa kauli yao, yakapunga vilevile. Gill aliandika saa na dakika, na mashahidi 25 wakatia sahihi. Menzel alifasiri kwamba kasisi alikuwa ameitazama nyota ya Zuhura bila miwani. Lakini taarifa yenyewe yaitaja Zuhura mbali na kitu kile, na Gill alisema miwani alikuwa ameivaa. Kuhusu Wapapua, Menzel aliona yatosha kusema kwamba walimstahi kasisi wao na kumfuata. Na wenye kuamini? Hao huwataja Wapapua kwa fahari, ila kama hesabu: sahihi 25. Mwalimu wa shule na muuguzi wa Boianai waliona nini, wakakiita nini kwa lugha yao, na neno hilo lilibeba nini, ni mambo ambayo vitabu vingi vya pande zote mbili havikushughulika nayo. Mmoja huwafuta mashahidi, mwingine huwahesabu.

Jambo moja dogo katika taarifa ya Gill limewatatiza wasomaji wote. Jioni ile ya pili, kitu kikiwa bado kinaelea, kasisi aliingia ndani kula chakula cha jioni. Wakanushaji wasema hapana mtu angeweza kuacha ajabu kama ile kwa ajili ya chakula, kwa hiyo hapakuwa na ajabu. Hapa wamesahau jinsi binadamu walivyo. Mzushi asingethubutu kuliandika jambo hilo, kwa maana laharibu hadithi. Halithibitishi kwamba kitu kile kilikuwa chombo cha wageni. Lakini ni alama ya msimulizi aliyeandika yaliyotokea kama alivyoyaona, na mhakiki asiyeijua alama hiyo asingefaa kuhukumu hata barua ya kawaida.

Usomaji ulio bora wapatikana zamani kidogo. Hadi mwisho wa karne ya 18 wataalamu wengi wa Ulaya walikataa kwamba mawe huanguka kutoka mbinguni. Waliona ni porojo za wakulima. Tarehe 26 Aprili 1803 maelfu ya mawe yalianguka karibu na mji wa L'Aigle, huko Ufaransa, na serikali ikamtuma Jean-Baptiste Biot, kijana wa miaka 29, kwenda kuchunguza. Biot hakuanzia mjini hapo. Alianza mbali, akiuliza ni nani aliyesikia mshindo na kutoka upande gani, kisha akasogea kijiji kwa kijiji. Alikusanya shahada za namna mbili: mawe yenyewe, ambayo hayakufanana na mawe ya mahali pale, na maneno ya watu wa kazi na vyeo mbalimbali, wasio na sababu ya kupatana katika uwongo mmoja. Wenye kuamini hupenda kuikumbusha habari hii, kwa kuwa wataalamu walikosea. Husahau kwamba mawe yalikuwapo mikononi. Wakanushaji hukumbuka mawe. Husahau kwamba wakulima walikuwa wamesema kweli miaka yote ile. Msomaji wa Afrika Mashariki aweza kwenda Mbozi, kusini magharibi mwa Tanzania, akauweka mkono wake juu ya kimondo cha chuma kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Visahani havina Mbozi yao. Wazee wa pwani husema kimondo ni kijinga cha moto wanachotupiwa mashetani wanaodukiza habari za mbinguni, na ufasiri huo haukuwazuia kamwe kukiona kimondo sawasawa: mwanga, njia yake, kuzimika kwake. Aonaye na afasiriye hukaa katika mtu mmoja, lakini si kitu kimoja.

Afrika nayo ina kisa chake, na ndicho kigumu kuliko vyote. Tarehe 16 Septemba 1994, katika shule ya Ariel, Ruwa, Zimbabwe, wanafunzi 62 hivi walisema kwamba wakati wa mapumziko, walimu wao wakiwa mkutanoni, waliona nje ya uwanja kitu chenye kung'aa na kiumbe mmoja au zaidi mwenye macho makubwa meusi. Siku mbili kabla yake mabaki ya roketi ya Urusi yalikuwa yamewaka moto angani, yakaonekana sehemu nyingi za kusini mwa Afrika, na watu walikuwa wakizungumza habari hizo. Mtafiti Cynthia Hind alifika mapema akakusanya michoro ya watoto. Mwezi Novemba akaja John Mack, profesa wa maradhi ya akili wa Harvard. Upande mmoja wasema watoto hawawezi kusema uwongo kwa pamoja. Wa pili wasema watoto walihojiwa wakisikiana, na kwamba onyo juu ya kuharibiwa kwa dunia, lililo maarufu leo, lilikuja na mahojiano ya Mack.

Lakini Hind aliandika pia kwamba baadhi ya watoto wadogo walilia wakihofu kuliwa, wakataja zvikwambo na tokoloshi, majini madogo ya hadithi za huko. Kwa hiyo uwanja mmoja ulikuwa na fasiri mbili kwa wakati mmoja: ya nyumbani na ya sinema. Katika masimulizi yaliyosafiri duniani fasiri ya sinema imebaki, na ya nyumbani imeanguka njiani, au imehesabiwa kuwa woga wa watoto wasiojua walichokiona. Kwa nini macho makubwa meusi yawe ushahidi, na chikwambo kiwe ushirikina? Asiyejibu swali hilo hajaanza kukisoma kisa cha Ruwa, aamini au akanushe.

Jeshi la anga la Marekani lilipofunga uchunguzi wake mwaka 1969 lilikuwa limeorodhesha taarifa 12,618, na kati yake 701 zilibaki bila maelezo. Wenye kuamini huziita hizo 701 wageni. Wakanushaji huziita uvivu wa wachunguzi. Kwa lugha iliyo sahihi ni taarifa 701 ambazo hazikutosha, au wasomaji wake hawakutosha, na hapana njia ya kupambanua bila kuzisoma moja moja. J. Allen Hynek, mshauri wa uchunguzi huo, alilijua jambo hilo kwa uchungu. Mwezi Machi 1966 alitaja gesi ya kinamasi kuwa sababu ya baadhi ya mianga iliyoonekana Michigan, magazeti yakalipanua neno lake kama yalivyolipanua la Arnold, na mashahidi wakageuka kuwa kichekesho cha nchi nzima.

Mambo hayo hayakukoma. Mwezi Novemba 2004 marubani wa jeshi la majini la Marekani waliona juu ya Bahari ya Pasifiki kitu cheupe, wakakilinganisha na pipi ndogo za Tic Tac. Na habari ilipochapishwa mwaka 2017, tashbihi ilikuwa imekwisha kuwa jina. Serikali yao sasa imeacha kusema "vitu virukavyo", na badala yake husema "matukio" yasiyotambulikana. Ripoti yake ya Machi 2024 haikuona dalili ya ufundi wa viumbe wa ulimwengu mwingine. Kwa Kiswahili magazeti yangali yakiandika "chombo kisichotambulikana", nao ni mchanganyiko wa ajabu, kwa kuwa chombo hutengenezwa, huwa na nahodha, hutoka bandari moja kwenda nyingine. Aliyekiita chombo amekwisha kukitambua nusu. "Kitu" chadai machache zaidi, na "mwanga" wadai machache kuliko kitu, iwapo mwanga ndio ulioonekana. Taarifa ya Arnold haikuhitaji hata jina, kwani kitenzi chake kilitosha: aliona vitu tisa vikichupachupa.