‘Muungano’ usiobakiza wote: kasoro ya istilahi moja

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, si mbali na Ngome ya Yesu, ipo barabara iitwayo Ndia Kuu. Jina hilo halina kosa. ‘Ndia’ ni Kimvita cha ‘njia’. Nimelikumbuka wiki hii baada ya kijana mmoja wa mtaani kwetu kunijia na tarakilishi yake mkononi, akisema, “Maalim, kazi imekwisha. Maneno yetu, nusu yamo kwenye kamusi.”

Alikuwa na majedwali mawili. La kwanza lilikuwa na maneno manane aliyoyapata kwa bibi yake, kama jaribio: kitwa, ndia, ndaa, mtele, tini, teka, tupa na ndoo. La pili lilikuwa orodha ya vidahizo vya Kiswahili sanifu. Aliyaunganisha kwa amri ya SQL, yakabaki manne tu: tini, teka, tupa na ndoo.

“Na mengine yako wapi, mwanangu?”

“Hayakuungana, Maalim.”

Kosa si lake peke yake. Kitini alichosomea kinaiita joini ‘muungano’. Nalipinga neno hilo kwa sababu mbili. Kwanza, SQL ina amri nyingine, yunioni, inayopanga mistari ya jedwali moja chini ya mistari ya jedwali jingine. Hiyo ndiyo inayostahili kuitwa muungano. Pili, Mswahili akisikia ‘muungano’ huelewa kwamba pande zote zimeingia. Joini ya ndani haifanyi hivyo. Hubakiza mistari iliyopata mwenza tu, na iliyokosa huondoka kimya bila onyo. Tena ukiandika joini bila kutaja aina, SQL huichukulia kuwa ni hiyo ya ndani.

Napendekeza ‘uoanishaji’. Anayeoanisha anajua wapo watakaokosa wenza, kwa hiyo atauliza wafanyweje. Swali likiwa ni maneno gani ya bibi hayamo kamusini, jedwali la bibi likae kushoto na itumike joini ya kushoto: mistari yake yote hubaki, na palipokosekana mwenza huwa nafasi tupu. Tukitaka pia kujua maneno ya kamusi ambayo bibi hakuyataja, twatumia joini kamili, inayobakiza wapweke wa pande zote mbili.

Kijana aliijaribu ya kushoto, kisha akaongeza kichujio: aina ya neno upande wa kamusi iwe nomino. Yale manne yasiyo na wenza yakapotea tena, maana tupu hailingani na chochote. Sharti hilo lingewekwa ndani ya sharti la kuoanisha, yangesalia.

Na hata yale manne yaliyobaki mwanzoni yalikuwa yameozwa vibaya. Bibi akisema ‘ndoo’ anakuita, njoo. Kamusi inakuletea chombo cha maji. ‘Tini’ yake ni chini, si tunda. ‘Teka’ ni cheka, si kuteka maji. ‘Tupa’ ni chupa. Kimvita hutofautisha t ya meno na t ya ufizi, lakini hati za Kilatini tunazoandikia huzifanya moja. Oanisha kwa umbo na maana pamoja, uone: nafasi zote nane zitakuwa tupu.

Hapo ndipo penye uzito. Kamusi ya Krapf iliyochapishwa 1882 ilitegemea sana Kimvita. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa ukachagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji. Lugha ya shule na ofisi ilihitaji msingi mmoja, sikatai. Ila wengi wetu tumezoea kuzisoma vibaya nafasi tupu: halimo kamusini, basi si neno. Nafasi tupu inasema tu kwamba katika orodha hii mwenza hakuonekana. Huenda orodha ndiyo iliyopungukiwa. Na ukitumia joini ya ndani, hata hiyo nafasi tupu hutaiona, seuze kuiulizia.

Kijana amerudi kwa bibi yake kujaza safu ya maana. Nimemwomba jambo moja: zile nafasi tupu asizifute.