Mlima Hanang Chini ya Vidole

Mwanafunzi wa jiografia anayeona akiikunjua ramani ya Hanang, macho yake huvuna mengi kwa mara moja: mlima wa volkano uliosimama peke yake, kimo chake mita 3,417, mji wa Katesh kusini, Ziwa Balangida kaskazini, Basotu magharibi, na mbele zaidi kaskazini, nyanda za juu za Mbulu. Mwanafunzi asiyeona huanzia pembeni mwa karatasi, kidole baada ya kidole, na mlima haupo mpaka vidole viufikie. Anayemwekea mlima huo mahali pake ni mnukuzi wa nukta nundu, yaani fundi anayegeuza vitabu, majedwali na ramani kuwa maandishi ya kugusa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikipokea wanafunzi wasioona tangu miaka ya 1970, na nyuma ya kila mhitimu wao kuna kazi ya mikono ya wanukuzi, ambayo haitajwi siku ya mahafali.

Ufundi huu unastahili kutazamwa bila haraka. Louis Braille alibuni mfumo wake mwaka 1824, akiwa kijana wa miaka 15: nukta sita tu, zinazotoa maumbo 63. Mashine ya Perkins ina kitufe kwa kila nukta, pamoja na kitufe cha nafasi, cha kurudi nyuma na cha kushuka mstari. Vidole hubonyeza nukta zote za herufi kwa pamoja. Herufi e ni nukta ya 1 na ya 5. Herufi i ni ya 2 na ya 4. Vidole vikikosea, “pita” inakuwa “peta”. Nukta iliyosahaulika huongezwa kwa urahisi, lakini iliyozidi ikishabanwa ilale, karatasi hubaki na kovu ambalo msomaji atalihisi. Kwa hiyo mnukuzi hodari husoma sentensi mpaka mwisho na kuielewa ndipo aguse mashine.

Ramani ndiyo mtihani wake mkubwa. Maandishi ya kawaida unaweza kuyapunguza mpaka yaenee kwenye kijito. Nukta nundu hazipunguki, kwa sababu ncha ya kidole haipunguki. Kila herufi huchukua takribani milimita 6 za mstari. Jina Katesh peke yake hula sentimita tatu na nusu, na kwenye karatasi moja lingeufunika mteremko linalotakiwa kuueleza. Basi mnukuzi huandika herufi mbili tu pale mji ulipo, kisha hutengeneza ukurasa wa pili wenye ufunguo. Mistari nayo huitenga kwa milimita kadhaa, maana ikisogeleana kidole huisoma kama mstari mmoja mnene.

Kwa kuwa si vyote vitaenea, hapo ndipo mnukuzi hukata. Na ili akate kwa haki, lazima ajue somo linahusu nini. Kama mhadhiri anafundisha maziwa ya Bonde la Ufa, Balangida na Basotu hubaki, njia za maji za mlimani huondoka. Kama anafundisha maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023, yaliyoshuka kutoka Hanang na kuua watu wengi Katesh na Gendabi, maziwa huondoka. Hubaki mteremko, makorongo na makazi ya watu chini yake. Mnukuzi asiye na uzoefu huhamisha kila kitu, na msomaji hupotea. Aliyebobea hutengeneza ramani mbili, kila moja ikijibu swali lake.

Vifaa vyake ni vya kawaida. Uzi uliogundishwa huwa mto, kitambaa kinachokwaruza huwa msitu, matabaka ya kadibodi hupandana kuwa mlima, na kigurudumu chenye meno cha fundi cherehani huchora mpaka wa wilaya kwa vitone. Penye mashine ya joto, karatasi ya plastiki hulainishwa juu ya ramani hiyo na kuvutwa ishike umbo lake, nakala baada ya nakala. Kisha kazi hupelekwa kwa msomaji asiyeona, kwa kuwa jicho la mnukuzi huona hata kile ambacho vidole havikipati. Akisema milima miwili inachanganyika na kuwa mmoja, mnukuzi hurudi mezani.

Ukurasa mmoja wa kitabu huweza kuzaa kurasa mbili, tatu au zaidi za nukta nundu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa kijana asiyeona wa Haydom, Dongobesh au Katesh haki ya kusoma sawa na wenzake, lakini haki hiyo humfikia kwa kasi ya mikono inayonukuu. Mhadhiri anayekabidhi orodha ya vitabu na ramani zake majuma kadhaa kabla ya muhula amefanya nusu ya kazi. Nusu nyingine ni ya chuo: kuajiri wanukuzi wa kutosha, kuwapa karatasi na mashine nzima, na kuwahesabu miongoni mwa wanaofundisha. Maana anayeamua kipi kibaki kwenye ramani ili Hanang ieleweke amekwisha kufundisha jiografia.