Mpingo Mweusi, Udongo Mwekundu na Kitufe cha Auto

Kinyago cha mpingo ni mtihani mgumu kwa kamera. Kipimamwanga hakijui kinatazama nini. Kimeundwa kuamini kwamba kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu cha kati. Kikikutana na mti mweusi juu ya kitambaa cheusi, kinadhani mwanga hautoshi, kinauongeza, na mpingo unatoka na rangi ya majivu. Mpigapicha mzoefu, awe Chiungutwa, Newala au kwenye vibanda vya wachongaji pale Mwenge, Dar es Salaam, hupunguza mwanga makusudi ili weusi ubaki weusi na mng'ao wa msasa uonekane begani mwa kinyago. Kisha anafungua picha kwenye kompyuta na kubofya Auto. Uamuzi wake unafutwa papo hapo.

Kinachotokea ni hesabu tupu. Katika picha ya kawaida ya JPEG, kila rangi kati ya tatu za msingi, yaani nyekundu, kijani na buluu, ina ngazi 256 za mwanga, kuanzia 0 ambayo ni giza hadi 255 ambayo ni mwanga kamili. Tuseme sehemu nyeusi kabisa ya kinyago iko ngazi ya 10 na mng'ao mkali kuliko yote uko 110. Programu inaona nafasi kubwa imekaa bure. Inaishusha 10 iwe 0, inaipandisha 110 iwe 255, na vilivyo katikati vinavutwa kwa uwiano huohuo. Ngazi 101 zilizokuwa zimebanana sasa zinatawanywa juu ya ngazi 256, kwa hiyo zaidi ya nusu zinabaki tupu. Begani, pale weusi ulipokuwa ukififia polepole kuelekea kwenye mng'ao, mistari inaanza kuonekana. Na ngazi zilizoachwa wazi hazijazwi na kitu chochote, kwa sababu habari hiyo haikuwamo tangu mwanzo.

Udongo mwekundu unaumia zaidi. Photoshop ina amri mbili za kiotomatiki zinazofanana kwa jina lakini zinatofautiana sana kwa kazi. Auto Contrast huzivuta rangi zote tatu kwa pamoja, hivyo wekundu hubaki wekundu. Auto Tone, katika mpangilio wake wa kawaida, huivuta kila rangi peke yake. Chukua picha iliyojaa udongo wa njia ya shambani, chini ya mikorosho: tuseme nyekundu imeenea kutoka 90 hadi 240, buluu kutoka 20 hadi 130. Pikseli iliyoko katikati ina nyekundu 165 na buluu 75. Huo ndio udongo wenyewe. Baada ya Auto Tone, zote mbili zinaangukia karibu na 127, na kijani nacho huvutwa kuelekea hukohuko. Udongo umegeuka saruji. Kwa programu, wekundu ule ulikuwa kasoro ya taa iliyohitaji kusahihishwa.

Hata hivyo, kuilaumu Auto peke yake ni kukosea mlengwa. Kwa picha mia mbili za harusi zilizopigwa ukumbini chini ya taa za manjano, kitufe hicho ni msaada wa kweli, na fundi anayekikataa kwa kiburi anajichosha bure. Madhara makubwa yanakuja baadaye, pale anapobofya kuhifadhi juu ya faili lilelile. Hapo ngazi za awali zinapotea kabisa. Akitaka wekundu wake wiki ijayo, hana pa kuurudia.

Wachapaji wa picha wa zamani hawakuwa na hofu hiyo ya kupoteza picha ya asili. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi na Newala akiwa na kamera, fonografu na hata mashine ya sinema, na kitabu chake kilichojaa picha za safari hiyo kikatoka mwaka 1908. Katika zama hizo za negativu, fundi aliweza kuikinga sehemu ya picha kwa mkono ili isiive sana, au kuiongezea mwanga iwe nyeusi zaidi, kisha akarudia kesho kwa namna nyingine. Karatasi ndiyo iliyobadilika. Negativu ilibaki kama ilivyotoka kwenye kamera.

Kompyuta ilichelewa kuufikia utaratibu huo. Photoshop ilitoka mwaka 1990, na tabaka zikaingia mwaka 1994 na toleo la 3. Tabaka za marekebisho, zinazokaa juu ya picha bila kuigusa, zilifika mwaka 1996 na toleo la 4. Lightroom, iliyoanza mwaka 2007, ilikwenda mbali zaidi: faili la kamera haliandikwi juu kamwe. Programu inatunza orodha ya maagizo, kama vile ongeza mwanga kiasi hiki au kata ukingo huu, na kuyatekeleza kila picha inapofunguliwa. Darktable, ambayo ni ya bure, hufuata njia hiyohiyo. GIMP, nayo ya bure, ilipata vichujio visivyoharibu picha ya asili katika toleo la 3.0 la mwaka 2025.

Ndani ya utaratibu huo Auto inabadilika tabia. Ukiiita kupitia tabaka la marekebisho, inakuwa pendekezo tu: unaweza kulififisha hadi nusu, kulizuia lisiguse kinyago na liguse ukuta wa nyuma tu, au kulizima. Katika Lightroom inasogeza vidhibiti vilevile ambavyo mkono ungesogeza, nawe unavirudisha unapotaka. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017 Auto ya Lightroom hukisia kwa kujifunza kutoka maelfu ya picha zilizohaririwa na wataalamu, na inakisia vizuri kuliko zamani. Bado haijui kwamba mpingo unapaswa kuwa mweusi. Anayejua ni yule aliyesimama mbele ya kinyago.

Uzito wa faili la asili ulionekana wazi mwaka 2015, pale shindano la World Press Photo lilipolinganisha picha zilizofika raundi ya kabla ya mwisho na mafaili yao ya kamera. Takriban moja ya tano ziliondolewa kwa sababu ya uhariri uliopita kiasi.

Kwa studio yoyote ya Masasi, kamera ikiruhusu, njia bora ni kupiga faili ghafi la biti 14, lenye ngazi 16,384 kwa kila rangi badala ya 256. Faili hilo hula megabaiti 20 au zaidi, ila maagizo ya uhariri wake ni kilobaiti chache tu. Aliye na simu aangalie zaidi njia ya kutuma: picha ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, ikitumwa kama dokumenti hufika nzima. Mteja akirudi mwakani akitaka kinyago kile kiwekwe kwenye bango, faili la kufungua ni lile la kamera, wala si lile lililozunguka kwenye magrupu.