Ugonjwa, Maradhi na Ndwele: Neno Moja au Matatu?

Wafasiri wengi huliona neno la Kiingereza "disease" kuwa ni jepesi: huandika "ugonjwa" wakaendelea na sentensi ifuatayo. Sisi twaona kwamba wepesi huo umeleta kasoro katika fomu na vijitabu vya afya, na kwamba asili ya maneno yenyewe yaweza kutuonyesha ilipo kasoro hiyo.

Neno hilo la Kiingereza lilitoka katika Kifaransa cha kale, na maana yake ilikuwa kukosa raha. Baadaye maana ilifinywa ikawa hitilafu ya mwili, na matabibu wa leo hulitumia hata kwa mtu asiyesikia maumivu yoyote.

Kiswahili kina maneno matatu. "Ndwele" ni la Kibantu. Ndugu zake ni "indwara" katika Kinyarwanda na Kirundi, na "obulwadde" katika Kiganda. Siku hizi limebaki zaidi katika ushairi na katika methali: Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. "Maradhi" latoka katika Kiarabu. Huko ni la umoja, lakini silabi yake ya kwanza ilifanana na kiambishi chetu cha wingi, basi Waswahili wakasema "maradhi haya". "Ugonjwa" limeundwa kwa kivumishi "-gonjwa", kama "ubovu" lilivyoundwa kwa "-bovu". Kwa hiyo kwanza ni hali ya kuwa mgonjwa. Wingi wake, "magonjwa", waonyesha kwamba limekuwa pia jina la vitu vinavyohesabika: surua, kipindupindu, kifua kikuu.

Hapo ndipo penye kasoro. Fomu huuliza: "Je, una ugonjwa wowote?" Mwenye shinikizo la damu asiyesikia dalili yoyote hujibu "Sina", wala hasemi uongo, kwa kuwa hajioni mgonjwa. Kwa upande mwingine, mtu mwenye virusi vya UKIMWI huitwa mgonjwa katika tafsiri, ingawa ana nguvu zake na yuko kazini. Wa kwanza aweza kukosa tiba; wa pili aweza kukosa ajira.

Yafaa basi tutenganishe. "Ugonjwa" litumike kwa kile chenye jina katika utabibu; "maambukizo" kwa kuingiwa na vijidudu; "kuumwa" na "kuugua" kwa yale anayoyasikia mtu mwenyewe. "Maradhi" si neno la kitaalamu kuliko "ugonjwa". Mfasiri achague mojawapo katika waraka mmoja, msomaji asije akadhani ni mambo mawili. Na fomu iulize waziwazi: "Je, umewahi kuambiwa na tabibu kwamba una shinikizo la damu au kisukari?"

Swali la namna hiyo ni refu zaidi, lakini hupata jibu la kweli. Tafsiri fupi isiyoeleweka haimponyi mtu.