Mlima Unatosha: Kuhusu Wazo la Mchezo

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Kasulu, katika nyanda za juu za Kigoma, kwa kazi ya tafsiri. Jioni moja kijana wa pale, aliyesikia kwamba mgeni ni mshairi, alinijia na daftari. Ndani yake hamkuwa na mashairi. Mlikuwa na mchezo wa video aliotaka kuutengeneza. Mtu ana baiskeli, ana mikungu ya ndizi, na mbele yake ipo njia ya vilima kutoka kijijini hadi soko la Kasulu; akishaizoea, hatua ya pili ni Kibondo. Akipakia mingi atauza sana, ila mlimani itambidi ashuke asukume, na jua linazama. Akipakia michache atawahi soko, lakini atarudi mikono mitupu.

Aliniuliza kama wazo hilo linafaa. Nikamjibu, kwa ujasiri wa mtu asiyejua, kwamba ni zuri lakini halina kisa: amtie babu mgonjwa, amtie mchumba, amtie adui. Alinishukuru kwa adabu, akafunga daftari. Makala haya ni ya kukiri kwamba nilimjibu vibaya.

Kilichonifumbua macho si kompyuta, ni bao. Ubao wetu una safu nne, mashimo 32 na kete 64. Warundi, ambao lugha yao na Kiha cha watu wa Kasulu na Kibondo husikilizana, wana igisoro: safu nne, mashimo 32, kete 64. Atazamaye kwa mbali atasema mchezo ni mmoja. Lakini igisoro huanza kete zote zikiwa ubaoni, ilhali katika bao letu kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni. 22 zilizobaki huzishika, akazinamua moja moja. Kanuni hiyo peke yake imeleta mchezo mwingine, wenye subira nyingine na hila nyingine. Na hakuna kisa ndani yake. Hata nyumba, lile shimo ambalo mtu huchelea kulivunja, si hadithi. Ni kanuni, na ile hofu imezaliwa na kanuni.

Washairi tulipaswa kulijua hili mapema kuliko wengine. Huzuni ya mtu si shairi mpaka ipitishwe katika mizani. Pale inapobanwa ndipo inapotafuta neno lake. Vivyo hivyo wazo la mchezo si habari za mtu fulani, bali ni lile analoruhusiwa kufanya, lile analokatazwa, na gharama ya kila hatua. Kijana yule alikuwa na mizani tayari. Mimi nikamtaka alete huzuni.

Kwa kipimo hicho na tuutazame mchezo maarufu uliotoka kambini, *Salaam* wa Lual Mayen. Mayen, ambaye asili yake ni Sudan Kusini, alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza kwa miaka mitatu hadi akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta, na kijana akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Alijifundisha mwenyewe, nami niliyejifundisha mwenyewe siwezi kuitaja safari hiyo bila heshima. Mwaka 2018 kazi yake ilitambuliwa katika hafla ya The Game Awards huko Marekani.

Katika *Salaam* mchezaji ni mkimbizi anayekimbia vita. Nguvu zake hupungua, na hapa kanuni inasema yenyewe: huhitaji kuambiwa kwamba vita ni kibaya, kidole chako kimekwisha kuchoka. Lakini nguvu zikiisha, mchezaji hununua maji, chakula au dawa kwa fedha halisi, na fedha hizo zimekusudiwa kumfikia mkimbizi halisi. Nia ni njema, tena ya busara. Kama kanuni, hata hivyo, nina shaka nayo. Aliye hatarini haokolewi na uamuzi wake, anaokolewa na mfuko wa mwingine. Katika bao hakuna anayenunua kete. Mchezo ulioanza kwa kutuweka ndani ya mwili wa mkimbizi unatutoa humo, unatuketisha kwenye kiti cha mfadhili.

Tena kukimbia ni sehemu fupi ya maisha hayo. Kigoma inalijua hili. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mwaka 2015 wakaja Warundi kwa maelfu, na Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka ule wa kwanza alikuwa mtu mzima Warundi walipofika, naye huenda hajapata kukimbia hata siku moja. Alichokijua ni kungoja: foleni ya mgao, zamu ya maji, kuni zinazozidi kuwa mbali na hatari iliyomo njiani, na kibali cha kutoka kambini kilichowekwa na sheria ya mwaka 1998. Mchezo wa mtu huyu haujengwi kwa mbio. Unajengwa kwa siku moja na mikono miwili: ukienda kuni umekosa foleni, ukingoja foleni chungu hakina moto. Mchezaji hapewi nafasi ya kumhurumia mtu. Anapaswa kuamua, na kila uamuzi una hasara yake.

Na hilo halihitaji kompyuta ya kuanzia. Chora njia mchangani. Maharage yawe mikungu, kijiti kiwe jua. Waite watoto wawili wacheze, nawe unyamaze. Wakichagua njia ileile kila mara, kanuni imelala. Badilisha moja tu, wacheze tena. Mlima ukiwa mkali mno watalia, ukiwa laini mno watapiga miayo. Siku watakapogombana kama ilifaa kupakia mkungu wa tano, hapo tafuta wa kukuandikia programu. Fundi akitangulia kabla ya ugomvi huo, utapata picha nzuri za mchezo usiochezeka.

Sijui daftari lile liko wapi leo. Likiwa bado lipo, na mwenyewe akabahatika kuyasoma haya, namwomba radhi. Babu mgonjwa mtoe. Mlima unatosha.