Orodha ya Vifaa Haipimwi kwa Rangi

Mchoro mmoja wa mashine ya kusaga nafaka umesambazwa hivi karibuni na kila aliyeuona ameusifu. Orodha yake ya vifaa ina mistari ya bluu na nyeupe, picha ndogo kando ya kila kipande, na namba zilizofuatana bila kuruka hata moja. Mimi nilianza na safu ya uzito. Bamba la mm 3, mita moja ya mraba, limeandikwa kilo 3. Bamba hilo la chuma lina kilo 23.55. Mchoraji hakuiambia programu kipande kimetengenezwa kwa kitu gani, nayo ikakipigia hesabu kwa uzito wa maji. Kazi ya namna hiyo haistahili makofi, na wanaoipigia wanaharibu vijana.

Orodha iliyo ndani ya mchoro hukaa juu ya taito bloki, upande wa kulia, ikisomwa kutoka chini kwenda juu, vichwa vya safu vikiwa chini kabisa. Ndivyo ISO 7573 ya 1983 ilivyoelekeza, na sababu yake ni nzuri: kipande kipya huongezwa juu bila kugusa kilichokwisha kuandikwa. Safu sita zinatosha: namba, idadi, maelezo, kiwango, malighafi na uzito. Ya saba ni ya kujionyesha. Rangi haina nafasi. Maelezo yaanze na jina la kitu: bolti M12×40, daraja 8.8. Kuandika “beringi” tu ni uzembe. Andika beringi 6206-2RS, na muuza duka hatakuwa na swali la pili.

Kwenye vyuma, tazama urefu. Miguu 8 ya chuma cha engo, kila mmoja mm 2,100, jumla ni mita 16.8. Mwanagenzi anagawa kwa 6 na kuagiza vyuma 3. Lakini chuma cha mita 6 hutoa miguu 2 tu na kubakiza kipande kisichofaa mguu, kwa hiyo vinatakiwa 4. Orodha nzuri hutaja kila urefu na idadi yake. Jumla ya mita haimsaidii anayeshika grainda.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wasiojua hulipita kila mara: pengo la namba. Tuseme kipande namba 6 kimeondolewa kwenye toleo B la mchoro. Mchoraji mchanga huona aibu orodha ikiruka kutoka 5 hadi 7, akaiacha programu ipange upya; 7 inakuwa 6, 8 inakuwa 7. Kwenye skrini inapendeza. Karakanani, vipande vimekwisha kukatwa kwa toleo A na kuandikwa namba kwa chaki. Namba 7 ya chaki ni mguu wa kushoto. Namba 7 ya toleo B ni mguu wa kulia. Urefu ni uleule, chuma ni kilekile, ila matundu yamegeuziana. Mchomeleaji anaangalia baluni, yaani duara la namba kwenye mchoro, anaokota namba iliyotajwa, anachomelea. Kosa linajulikana siku ya kufunga bolti, wakati fremu imekwisha kupigwa rangi.

Fundi aliyenifundisha alitoka enzi za ubao na wino. Kubadili namba kwenye karatasi ya tresingi kulitaka wembe: unakwangua taratibu, karatasi inakuwa nyembamba mahali hapo, na wino wa pili unataka kusambaa. Kwa hiyo namba ikishatolewa, ilikuwa imetolewa. Kipande kikiondolewa alipiga mstari juu yake na kuandika “kimefutwa”. Kipya kikapewa namba ya mwisho, juu kabisa. Orodha zake zilikuwa na mapengo, na ungeweza kuzisoma na kujua mashine imepitia mabadiliko gani. Wembe ulifundisha subira ambayo kompyuta haifundishi. Hata hivyo programu zina njia: SolidWorks inaweza kubakiza mstari wa kipande kilichoondolewa, kikiwa kimekatwa kwa mstari; Inventor hufunga namba zisisogee. Vitufe vipo, wachoraji hawavibonyezi.

Halafu kuna walaghai. Mmoja alileta faili ya AutoCAD yenye jedwali safi kabisa. Ukilibofya, unakamata mstari mmoja, au neno moja. Alikuwa amelivunja kwa EXPLODE, likaacha kuwa jedwali, kisha akapandisha idadi ya bolti kadiri alivyopenda kulipwa. Likichapishwa karatasini halina tofauti na jedwali la haki, ndiyo maana mimi sipokei karatasi bila faili. Kwenye modeli, futa bolti moja na usasishe. Idadi isiposhuka, kuna mtu ameiandika kwa mkono.

Nirudi kwenye pengo la namba. Toleo la kwanza lisipokuwa nalo, halina lawama. Ila ukiletewa toleo la tatu la mashine iliyobadilishwa karakanani, nalo namba zake zimenyooka kuanzia 1 hadi mwisho, usisaini mpaka mchoraji akuonyeshe vipande vilivyoondolewa, na vipi vimerithi namba zake.